Nani Anabaki Chitsakani

Msambweni, alasiri ya kuamkia safari yako

Mwanangu Mwanamisi,

Salamu hizi zikukute umeketi, na kama umesimama basi tafuta kiti, maana barua ni ndefu na wewe ukisoma wima huruka mistari. Nimeiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya masweta ya mtumba aliyokutafutia shangazi yako Riziki, ili uipate ukiwa umeshafika. Ukiiona leo utakuja kuniuliza maswali, na maswali yako mimi siyawezi ana kwa ana. Hata sasa naandika mbio mbio kwa sababu mmekwenda Ukunda kuaga watu na najua mkirudi nyumba itajaa.

Mambo ya kuvaa, kula, kuswali kwa wakati na kutomwamini kila anayekuchekea umeshaambiwa na ukoo mzima. Baba yako amekufundisha kuvuka barabara kana kwamba Nairobi ulikoishi hakuna magari. Mimi siongezi. Nina jambo moja tu, na ningekuwa mama jasiri ningekuambia zamani.

Kesho nitakuaga hapo nje getini, sitapanda gari kwenda nanyi Mombasa. Utakasirika, na shangazi zako watasema mama gani huyu hata uwanja wa ndege hamfikishi mwanawe. Nataka ujue sababu, na sababu inaanzia Jumamosi, tulipokuwa mkekani tunakula.

Ulikuwa unamweleza baba yako unachokwenda kusoma huko Uskoti. Yeye, fundi wa mashine za boti wa Funzi, alidhani unakwenda kusomea kutoza watu kodi. Ukamwambia hapana, kuna wasomi wanaochunguza uhasibu wenyewe, unavyoathiri watu na ardhi na maji. Ukasema hesabu za kampuni haziishii kuonyesha kilichopo, bali huamua kipi kionekane, na kitu kisichokuwa na mstari wake katika hesabu kinaweza kuangamizwa mchana kweupe na vitabu vikaonyesha hakuna kilichopotea. Ukasema wasomi hao wanabishana: wengine wanataka msitu na mto vipewe thamani ya pesa ili vionekane, wengine wanasema ukishavipa bei umeshaviweka sokoni. Baba yako akauliza wewe uko upande gani. Ukasema utaanzia Chitsakani, ile chemchemi ambayo mama aliiandikia sifuri, uitafutie thamani yake halisi. Wote mkacheka, nami nikacheka, kwa sababu habari ya sifuri ile sikuwahi kukuficha.

Kisha ukiwa unachambua miiba ya samaki ukasema, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya, kwamba mchana ule ulikwenda timboni Chitsakani, kwenye yale machimbo ya mawe yaliyoachwa, kupiga picha. Kwamba ulipofika ukingoni ulipiga hodi kwa mzaha, na mama mmoja akakujibu karibu, ukateremka, ukazunguka maji yote na usimwone. Ukasema labda alikuwa anakata majani. "Ana sauti nzuri," ukasema.

Mimi nikaangusha upawa wa mchuzi, nikasingizia mafuta mikononi. Baba yako akanitania kwamba nimeanza kuzeeka.

Hapakuwa na mama pale, Misi. Sauti ile naijua. Ilinikaribisha mimi kabla hujazaliwa, nami nikaingia kama ulivyoingia wewe, na tangu siku hiyo sijapata kuondoka Kwale nikalala nje. Hilo ndilo linaloniogopesha kwa ajili yako, na ndilo nililokwenda kulishughulikia leo.

Wewe umeijua Chitsakani ikiwa shimo. Mimi niliijua ikiwa kichaka cha mikwaju na mitomondo nyuma ya mashamba ya minazi, chenye jiwe moja kubwa mlangoni na maji yakitoka chini ya mwamba, baridi hata mwezi wa pili. Wanawake wa nyumba zote za upande ule walichota hapo, bibi yako akiwemo. Lakini huingii hivi hivi. Unafika kwenye jiwe, unatua ndoo, unapiga hodi, unangoja kidogo. Kukiwa na jirani ndani, husema "tupo," nawe unangoja zamu yako. Kukiwa kimya, unaingia. Na ukijibiwa "karibu," unachukua ndoo yako unarudi nyumbani, unakuja tena alasiri. Hakuna aliyetueleza zaidi ya hapo, na sisi watoto hatukuuliza. Utoto wangu wote nilipiga hodi pale na sikuwahi kusikia kitu ila majani.

Nilipomaliza cheti changu cha uhasibu nikaajiriwa na kampuni ya mawe, kwa muda wa majaribio. Ilikuwa inanunua mashamba ili ikate mawe ya kujengea majumba ya Diani. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuatana na mpimaji, kijana mmoja wa Machakos aitwaye Mutua, mcheshi, kofia nyeupe kichwani, tukiandika kila kitakachohitaji fidia. Jedwali tulipewa tayari. Mnazi mchanga una bei yake, mnazi unaozaa una bei yake, mkorosho, mwembe, ukuta wa udongo, hata kaburi. Chemchemi haikuwa na mstari. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya mengineyo, na pembeni yake safu inayouliza watumiaji waliokuwepo wakati wa ziara.

Tulifika Chitsakani jua la utosi, saa ambayo hakuna mwanamke anayechota. Mutua alipita pale kwenye jiwe akivuta kamba yake ya kupimia. Mimi nilisimama, kwa mazoea tu, nikapiga hodi.

"Karibu," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, tulivu, ya mtu mwenye shughuli ambaye hainui kichwa. Haikutisha hata kidogo. Na hapo ndipo nilipokosea. Nililelewa kwamba ukipiga hodi ukakaribishwa, unavua viatu unaingia, na miguu yangu ikafanya ilivyofunzwa katika kila nyumba ya pwani hii. Nilikuwa nimeshavuka jiwe nilipokumbuka kwamba pale mambo ni kinyume.

Ndani hapakuwa na mtu. Kata ya kuchotea ilikuwa inaning'inia kwenye tawi ikidondosha maji, na hapakuwa na upepo. Mwamba ulikuwa umelowa mpaka pale mtu angekaa. Nikasikia Mutua nyuma yangu ananiuliza naongea na nani, nikamwambia naongea na jiwe, akacheka. Akainua kalamu.

"Watumiaji, madam? Tumalize, jua ni kali."

Nikatazama kata ikidondosha. Nikatazama huku na huku kama mtu anayetafuta kweli.

"Hakuna," nikasema, na kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mbaya nikachukua karatasi nikaandika sifuri mwenyewe.

Barabarani tulimkuta Bi Mwanakombo kwenye karai lake la viazi. Huyu unamkumbuka kidogo, yule aliyekuwa akikuita mchumba wa mjukuu wake. Uangalizi wa Chitsakani alikuwa ameurithi upande wa mama yake, ingawa kwa kumtazama usingejua, maana alipenda umbea na kamari ya bao kuliko heshima za kimila. Alituuzia viazi, akaniuliza polepole kama tulipiga hodi. Nikasema tulipiga.

"Mlijibiwa?"

Nilijua nikisema ndiyo atafunga karai lake aende kwa wazee, baraza liitwe, kazi isimame, na mhasibu wa majaribio aliyesimamisha kazi kwa sababu ya sauti kichakani arudishwe kwao siku hiyohiyo. Nikamwambia hatukujibiwa. Akaniongezea kiazi kimoja cha bure, na nilikila.

Mikwaju ikakatwa, mwamba ukaanza kuchongwa kwa misumeno ya mashine, na chemchemi ikazibwa ili maji yasiingie timboni. Wanawake wakahamia kisima cha mbali ambacho maji yake yana chumvi kiasi cha kuharibu chai. Mwendo wao haukuwa na mstari. Chai yao haikuwa na mstari. Mwisho wa mwaka kampuni ilitoa ripoti ya karatasi nzuri yenye ukurasa wa mazingira, na tarakimu za ukurasa huo niliziandaa mimi. Tulihesabu miche iliyopandwa. Iliyoishi hakuna aliyeniagiza kuihesabu, na mimi sikujiagiza. Nilikuwa mhasibu mzuri, Misi. Hesabu zangu zilikubaliana kila mara na mkaguzi hakupata hata kosa moja, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi isipokuwa ile sauti niliyokuwa nikiisikia.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa jirani yetu Mwanahalima. Nilipiga hodi mlangoni, nikajibiwa karibu, nikaingia nikaketi. Baada ya muda Mwanahalima akaja kutoka shambani na jembe lake, akashtuka kunikuta. Akaniuliza nani amenikaribisha. Nikasema wewe. Akasema yeye alikuwa kwenye mihogo. Tulicheka, lakini yeye alitazama chumba cha ndani kabla hajaketi.

Tangu hapo kila nilipopiga hodi, popote, sauti ilitangulia. Ofisini kwa meneja, hospitalini, msibani. Karibu, kwa utulivu uleule, kabla mwenye nyumba hajafungua mdomo. Mimi ni mtu wa swala, najua viumbe wengine wapo na Mola wao ni mmoja na wetu. Nilisoma nilichofundishwa kusoma. Nilikwenda kwa sheikh, akanisomea, akaniambia nisiache swala, nami sijaacha. Moyo ulitulia. Sauti haikuondoka.

Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kusoma uhasibu wa juu Nairobi. Hilo hulijui. Nilinunua sanduku jipya, la kijani, na bibi yako akalia kama ninavyotaka kulia leo. Basi lilisimama Taru watu wanywe chai. Unapajua Taru: vumbi, mbuzi wa kuuzwa, jua, na siku ile watu walikuwa wamepanga madumu wakingoja gari la maji. Nilizunguka nyuma ya duka kutafuta choo, kibanda cha mabati chenye mlango wa gunia, na kwa kusahau nikapiga hodi.

"Karibu."

Na nyuma ya ile karibu nilisikia maji, maji yanayotoka chini ya mwamba, yaleyale, Taru. Nikavuta gunia. Palikuwa na shimo kavu na nzi na joto la bati. Nilisimama pale mpaka basi likapiga honi, kisha nikavuka barabara nikangoja gari la kurudi chini. Sanduku la kijani lilifika Nairobi peke yake, na sikulifuata. Nilisema niliugua. Watu wakaamini, kwa sababu uso wangu ulikuwa wa mgonjwa.

Fikiria vizuri kama umewahi kuniona nimelala nje ya Kwale. Harusi ya mjomba wako Mombasa nilirudi usiku uleule, ukalala mapajani mwangu kwenye feri. Baba yako husema nimerogwa na nazi za Msambweni. Nimejaribu, mwanangu. Nikipita mahali fulani miguu huanza kunirudisha, kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

Miaka ilipita kabla sijajua sababu. Bi Mwanakombo alikuwa kitandani, ugonjwa wake wa mwisho, nami nilikwenda kumjulia hali na sukari na sabuni. Sikupiga hodi, nilikohoa. Alicheka, akaniambia niingie, akaniuliza lile swali lake kana kwamba tulikuwa bado tumesimama penye karai. Safari hii nilimwambia kweli. Nilidhani atanilaani. Aliguna tu, akageukia ukutani.

"Ulikaribishwa, ukaingia, ukatoka kimya kimya kama paka. Hukuaga," akasema. "Basi yeye anajua bado uko ndani."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema nikaage, nini tena, na nisimsumbue. Akaniomba nimkune mgongo. Alifariki wiki hiyohiyo, Mungu amrehemu.

Sasa ungeniuliza kwa nini sikwenda kuaga. Kwanza kampuni ilikuwa imezungusha ua na jiwe la mlangoni halipo, limeshakatwa vipande likawa ukuta wa mtu. Kisha kampuni ikafunga kazi, ua ukaibwa, timbo likajaa maji, na sikuwa tena na kisingizio ila woga. Nikaendelea kukulea, nikajiambia nitakwenda. Nilizoea kubaki. Mtu anaweza kuzoea hata hilo, akaliita kupenda kwao.

Na woga wangu nikaubebesha wewe. Hili ndilo linaloniuma kuliko sifuri. Tangu ulipojua kusema nilikutanguliza. Tangulia mwanangu, piga hodi. Ulikuwa na kisauti kidogo na leso yako uliyojifunga mwenyewe, na watu wakasema huyu mtoto ana adabu, kafunzwa, nami nikapokea sifa hizo mchana kweupe. Hawakujua nakuweka mbele yangu ili nisisikie. Wewe ulijibiwa na wenye nyumba tu, kwa hiyo nikaona hakuna ubaya, jambo ni langu peke yangu. Ukazoea. Ukawa unapiga hodi bandani kwa kuku, kwenye gari, kwenye chumba kitupu. Uliendelea na mzaha huo mpaka utu uzima, na Jumamosi ukaupeleka ukingoni pa timbo la Chitsakani. Mimi ndiye niliyekufundisha hodi ile. Nisamehe, Misi.

Jumapili nzima nilikutazama. Ulikuwa unapanga nguo, ukasimama katikati ya chumba na rinda mkononi, ukauliza kama kuna mtu anakuita. Jumatatu ulisema labda uahirishe safari mpaka muhula mwingine, ukacheka ukasema sijui wazo hilo limetoka wapi. Mimi nilijua limetoka wapi. Wewe ambaye ulihesabu siku za safari hii tangu udahili ulipokuja, ukaanza kusema habari za kubaki, kwa sauti ya mtu aliyeacha kitu jikoni.

Kwa hiyo leo, mlipoondoka kwenda Ukunda, nilifunga jiko, nikatia udhu, nikajifunga leso mbili, nikaenda.

Nilipanga kufika saa ileile ya jua la utosi na nilifika. Umepaona, kwa hiyo sitakueleza sana: kuta nyeupe zilizochongwa wima, maji ya kijani chini, mitambo ya kutu. Lakini sijui kama ulisikiliza. Kuta zile hurudisha kila kitu. Nilikohoa, kikohozi kikarudi. Nikapiga kofi, kofi likarudi. Nikaita jina lako, na jina lako likarudi mara mbili. Ndege hakuna. Basi nikavua viatu pale ambapo kwa kukadiria jiwe lilikuwapo, nikapiga hodi, kwa sauti yangu yote, hodi ya kwanza baada ya miaka isiyo na idadi.

Hodi haikurudi. Kuta zilirudisha "karibu."

Niliketi chini, kwa sababu mgeni akikaribishwa huketi. Nikatoa salamu. Nikasema mimi ni fulani binti fulani, uliyenikaribisha ukiwa una maji yako, nikaingia nikasema humo ndani hamna mtu. Nikasema nilikuona kata yako ikidondosha na nikaandika hakuna. Sikuongeza maneno ya kujitetea, ingawa nilikuwa nimeyaandaa njia nzima. Kisha nikasema la mwanangu. Kwamba aliingia Jumamosi kwa kutojua, hakuaga kwa kutojua, na ana safari kesho. Kwamba mimi namwombea ruhusa.

Maji ya kijani hayakucheza. Mahali fulani chini ya ukuta, upande ulikokuwa mwamba, nikasikia tone likianguka, kisha jingine, wala pale juu hapakuwa na kitu cha kudondosha.

"Aende," sauti ikasema. Kisha, kwa utulivu uleule, kama anayepanga mambo ya nyumba: "Nani anabaki?"

Nilikuwa nimekwenda kuaga kwa ajili yetu sote wawili. Nakuambia kweli. Nilikuwa nimeshajiona kwenye ndege, nimekuja kwenye mahafali yako na baibui jipya, nimeona hiyo theluji mnayoisema. Nilifungua mdomo kuomba ruhusa ya pili. Na swali lile likanikaa akilini, maana ndilo lile lile la kwenye karatasi ya Mutua, safu ileile, nami niliwahi kulijibu. Mahali palipoandikwa hapana mtu palikatwa palichongwa pakabebwa na malori. Sikuweza kusema hakuna mara ya pili nikiwa nimeketi pale pale.

"Mimi nipo," nikasema.

Kuta zikairudisha kama nilivyoisema, kwa sauti yangu. Nikavaa viatu, nikarudi.

Njiani nilipita kwa Mwanahalima. Nikapiga hodi mlangoni, naye akatoa kichwa dirishani akaniuliza leo kumekuwaje mbona nimepiga hodi kama watu. Yeye tu ndiye aliyejibu. Hapakuwa na sauti nyingine, na nilisimama kibarazani kwake nikingoja niisikie, na sikuisikia. Mwanzo nilifurahi. Kisha nikaelewa kwamba anayekaribishwa ni mgeni, na mimi kule Chitsakani si mgeni tena.

Ndiyo sababu kesho nitaishia getini. Usidhani sikupendi kiasi cha kufika uwanjani. Panda gari, usigeuke sana, na ukipita popote ambapo moyo unakuambia umeacha kitu jikoni, ujue jiko nimelifunga mimi.

Sasa la masomo, kwa ufupi, maana nasikia gari na huenda ni lenu. Uliniomba ruhusa ya kutumia habari ya Chitsakani. Ruhusa unayo, pamoja na jina langu na sifuri yangu. Bei usiitafute. Mimi nimepanga bei za minazi na makaburi ya watu, na kila kilichopata bei tulikilipia tukakiondoa, hakuna hata kimoja kilichosalimika kwa kuwa na bei kubwa. Walimu wako wanajua mengi kuliko mimi, na pengine watakuonyesha njia nyingine. Lakini ukifika kwenye ile safu ya watumiaji waliokuwepo, ifute sifuri, uandike yupo. Wakikuuliza ushahidi, waambie unamjua.

Soma, mwanangu. Cheka kama unavyocheka. Olewa huko ukitaka, baba yako atanuna mwezi mmoja. Nami nitakuwa hapa hapa siku zote utakapopiga simu, na nitasema mambo ya kawaida ya kuku na mvua, na usiniulize haya kwenye simu.

Neno la mwisho. Utarudi siku moja, inshallah, na huenda mimi nitakuwa nimeshazikwa, maana ndivyo mambo yanavyokwenda. Najua miguu yako itakupeleka Chitsakani, wala sikukatazi. Fika ukingoni, vua viatu, piga hodi kwa adabu, ungoje. Pakiwa kimya, teremka uyatazame maji. Lakini ukisikia karibu, sikiliza kwanza ni sauti ya nani. Na ikiwa ni yangu, Misi, hata nikikuita kwa upole namna gani, usiingie. Chukua viatu vyako, geuka, uende zako.

Ni mimi mama yako,
niliyepo.